Mkono Wangu Ndani ya Chungu cha Sufi

Leo nimeaibika. Tena si ile aibu ya kuteleza sokoni, ukainuka, ukajikung'uta ukaenda zako. Nimeaibika huko Karungu, mchana kweupe, mbele ya mzee wa kanisa na akina mama wa omena karibu wote. Sasa nimefika nyumbani Migori na ninaandika kwa kidole cha mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia bado umevimba. (Mkiona herufi zimerukwa, vumilieni.)

Kwa wale wasionijua vizuri, mimi ni fundi cherehani. Lakini tangu mwaka jana nimeingiwa na wazimu wa vyombo vya sufi. Ndiyo, vyombo. Bakuli, visahani vya kuwekea funguo, vyungu vya mapambo. Hakuna uzi, hakuna sindano. Unatandaza sufi ya kondoo juu ya kipande cha plastiki, pande zote mbili, unanyunyizia maji moto yenye sabuni, halafu unasugua. Nyuzi zinashikana zenyewe. Zikishikana unakata mdomo, unatoa plastiki, unaingiza mkono ndani na kuendelea kusugua kwa nje. Kadiri unavyosugua ndivyo sufi inavyonywea na kukaza, hadi kinatokea chombo kigumu kinachosimama chenyewe mezani.

Shikeni hapo kwenye kunywea na kukaza. Mimi mwenyewe leo nilipasahau.

Nilikuwa na cherehani mbili. Moja nimeiuza nikanunua magunia ya sufi kutoka Molo, maana kondoo wetu wa huku wana nywele tu, si sufi. Magunia yamejaa sebuleni. Mume wangu akitaka kutazama taarifa ya habari inabidi anyooshe shingo juu ya gunia. Amevumilia sana, lakini wiki iliyopita aliniuliza kwa upole, "Mama Lavenda, hawa kondoo watahama lini?" Na mume wangu akianza kuuliza kwa upole, ujue maji yamefika shingoni.

Kwa hiyo nikapanga warsha. Kuna kikundi cha akina mama Karungu wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, na mwenyekiti wao, Mama Risper, alinunua kwangu sare za kwaya tukawa tunaongea. Aliniambia wanawake wake wanataka kazi nyingine ya mikono, na watalipia mafunzo, ila lazima iwe wiki ya mwezi mkubwa. Mtu wa mbali na ziwa hawezi kulielewa hili. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa mashua zinalala, na akina mama nao wanapumua. Basi kila mwenye jambo lake anaivizia wiki hiyo hiyo: harusi, harambee, mikutano, kila kitu. Na ukumbi wa kanisa ni mmoja tu.

Sasa ukumbi huo kuna mtu mwingine anautaka. Anaitwa Bwana Okelo, anafundisha ufugaji wa kuku. Yeye hakutaka wiki moja kama mimi. Aliomba wiki za mwezi mkubwa zote mpaka mwisho wa mwaka! Akipewa, mimi na magunia yangu tunabaki sebuleni kutazamana. Leo ndiyo siku kamati ya ukumbi ilikuwa ikae iamue. Kila mmoja wetu aende, aseme yake, aonyeshe alichonacho.

Cha kuonyesha nilikuwa nacho kimoja. Vyombo vingine vyote vimeshaenda: kimoja mama mkwe alikipenda akakibeba bila kuuliza, kimoja paka amezalia ndani na siwezi kumfukuza mzazi. Kilichobaki kilikuwa chungu cha shingo, umbo la mtungi wa maji, rangi ya kahawia na mstari mweupe tumboni. Kizuri jamani. Sijisifu. (Najisifu.) Ila shingo yake ilikuwa bado pana na legevu, imelala upande kama soksi kuukuu. Nikasema nitaimalizia huko huko, maji moto hayakosekani penye mkutano wa akina mama.

Nilifika Karungu mapema, na bado nikakuta nimetanguliwa. Mama Risper alinipokea mlangoni, akaniita binti wa Migori kwa Kijaluo.

"Nyar Migori, umekuja? Sasa ngoja kidogo. Huyu wa kuku amefika kitambo, ndiye anaongea. Enda hapo jikoni, ukiitwa unaingia."

Jiko liko nyuma ya ukumbi, na dirisha la ukumbi linafungukia jikoni. Akina mama waliokuwa wanapika samaki na kusonga ugali wakanipa kigoda na beseni, wakanichotea maji moto kutoka sufuria ya chai. Nikatoa kipande changu cha sabuni. Nikaingiza mkono wa kulia ndani ya chungu, nikakunja ngumi ili kuinua tumbo lake, nikaanza kazi kwa mkono wa kushoto.

Sheria ya kazi hii naijua, tena ningewafundisha wengine. Ukiwa unalainisha tumbo, ngumi iwe ndani. Ukifika shingoni, toa mkono kwanza, ndipo ukaze shingo kutoka nje. Mtoto wa shule anaweza kuielewa.

Tatizo lilikuwa lile dirisha.

Nilimsikia Bwana Okelo waziwazi. Alianza vizuri, akaeleza mayai, akaeleza chanjo, nikamnyamazia. Halafu akasema, "Na kuna mwingine nasikia anataka kuwafundisha kusugua manyoya ya kondoo." Akina mama wakacheka. Mimi nikasugua.

Akaendelea. "Sasa niulize, bila uzi, bila sindano, hiyo kitu inashikana na nini? Na maombi?" Wakacheka zaidi. Nikaongeza maji moto, nikasugua.

"Mimi nawaambia, hiyo ni kama pamba ya godoro. Siku moja tu ya kazi inaachana, unabaki na manyoya mkononi. Kuku hata akikufa, si unakula?"

Hapo ukumbi mzima ukaangua kicheko, na hata waliokuwa na mimi jikoni wakacheka. Nami nina hasira za karibu, hilo silifichi. Nilisugua ile shingo kama ndiyo shingo ya Okelo mwenyewe. Sabuni, maji moto, kusugua. Sabuni, maji moto, kusugua. Nilikuwa najibu hoja zake moja moja kimoyomoyo, na majibu yangu yalikuwa makali kweli. Mama mmoja aliyekuwa anageuza samaki akaniambia, "Aii, polepole, hiyo kitu imekukosea nini?"

Nikasikia jina langu. "Aingie wa sufi!"

Nikavuta mkono. Haukutoka.

Nikavuta tena, sasa nikiwa nimefungua ngumi na kubana vidole. Vidole vikafika shingoni vikakwama kwenye kifundo cha gumba. Shingo ilikuwa imenywea vizuri sana, imekaza, imenyooka, shingo bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Na ilikuwa imeshika mkono wangu kama bangili ya utotoni.

"Wa sufi yuko wapi?"

"Nakuja!"

Ningefanya nini? Nilijiambia nitaingia hivyo hivyo. Nitakiinua juu kwa ngumi, kama mtu anayekionyesha kwa mbwembwe, nikimaliza nirudi jikoni nitafute namna. Nikajifunga leso vizuri, nikaingia ukumbini chungu kikiwa mbele kama kombe la mpira.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Ogutu, mzee wa kanisa mwenye funguo za ukumbi, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho. Akanyoosha mkono wa kulia kunisalimu. Na mimi wa kulia uko ndani ya chungu! Kumpa mzee mkono wa kushoto huku kwetu ni heri ungebaki kwenu. Nikakumbuka wanachofanya watu wakiwa na mikono michafu shambani, nikakunja mkono nikamletea sehemu ya karibu na kiwiko ashike.

"Mnisamehe mzee, mkono una sabuni."

"Ah, mtu wa kazi," akasema, akanishika pale kwa heshima, akatikisa. Alipotikisa, chungu kikakamuka. Maji ya sabuni yakashuka moja kwa moja kwenye kiatu chake cha kanisani. Alikitazama kiatu. Akakikung'uta, akanipisha mbele. (Mzee yule ataenda mbinguni, mimi nitakuwa shahidi wake.)

Nikaongea. Jamani, niliongea! Hasira ilikuwa imenipa maneno. Nikawaeleza sufi inavyoshikana, nikawaeleza chombo kama hiki kikikauka kinasimama chenyewe mezani, na hakivunjiki kikianguka, nikawaambia ni kazi ya kukaa kivulini, haina moshi, haina harufu. Nilikuwa nazungusha chungu huku na huku, kinageuka vizuri kabisa kwa sababu ni mkono wangu. Mama mmoja wa mbele akasema, "Lakini iko maridadi, yawa." Nikamwona Okelo anakunja uso, nikafurahi.

Halafu Mama Risper akasema lile neno nililokuwa naliogopa. "Sasa pitisha tushike."

"Bado kibichi," nikasema. "Njooni mshike hapa hapa."

Wakaja. Wakapanga mstari kama wanaenda kutoa sadaka, kila mmoja anabonyeza, anapita. Mmoja akabonyeza akasema, "Mbona ndani kuna joto?" Nikamwambia ni sufi, sufi ina joto. Akakubali. Niliona naponea.

Okelo akanyoosha mkono. "Mimi niko na swali moja. Umesema hii chungu inasimama yenyewe kwa meza. Meza hii hapa. Si uiweke isimame?"

Meza ilikuwa mbele yangu, tupu, na kitambaa cheupe. Watu wote wakaitazama meza, kisha wakanitazama mimi.

"Nimesema kikikauka."

"Ngoja basi hata kidogo tu tuone. Ama inaanguka?"

"Haianguki!"

"Basi weka."

Nikakiweka. Yaani nikainama nikaegemeza chungu mezani, mkono ukiwa ndani, nimepinda kama mtu anayetafuta kitu uvunguni. Kikasimama. Nami nikasimama nacho. Okelo akasema, "Sasa achilia." Na hapo, jamani, naamini ni Mungu, mama mmoja akatoka jikoni akatangaza kwamba chakula kimeiva.

Mzee Ogutu akasema kamati itaamua watu wakishakula. Akaomba. Nikafumba macho kama wengine, na ombi langu halikuwa la kubariki chakula.

Hapa ndipo nilipopaswa kukimbia. Lakini kukimbia chakula cha watu ni tusi, na hawa ndio watu niliotaka wanipe ukumbi. Nikakaa. Mbele yangu ugali unafuka, samaki ngege mzima kwenye sahani, mboga pembeni. Na Mama Risper mwenyewe, kwa vile mimi ni mgeni, akachukua jagi na beseni na kuanza kunawisha, kuanzia kwangu.

"Leta mikono, mwalimu."

Nikaleta wa kushoto.

"Na ile nyingine."

"Huu mmoja unatosha, Mama Risper."

"Utakula na kushoto? Hapa kwetu? Si uweke hiyo chungu chini kwanza."

"Nitakiweka baadaye."

Akacheka, akadhani nina maringo na kazi yangu, akainamisha jagi juu ya chungu ili anilazimishe kukiweka chini. Maji yalikuwa ya moto. Tena alikuwa ameyatia sabuni. Nikaona tone la kwanza linaangukia shingo, na badala ya kukaa kimya kama mtu mwenye akili, nikapiga ukelele.

"Maji moto hapana! Itanikata mkono!"

Kila mtu akageuka.

Mama Risper akaweka jagi chini taratibu. Akanitazama, akakitazama chungu, akakishika, akavuta. Nikaenda nacho.

"Ruoth!" akasema, akimwita Mungu. "Imemshika!"

Basi, yaliyofuata sitaki kuyakumbuka na nitayaeleza haraka. Wakacheka. Hawakucheka kwa adabu, walicheka wakishikilia mabega ya wenzao. Mama mmoja alitoka nje akacheka huko, akarudi kuendelea. Mzee Ogutu alitoa leso yake akajifuta macho na kusema, "Pole, mama, pole sana," halafu akashindwa, akageukia ukutani.

Wakaanza kunivuta. Mmoja ameshika kiwiko, mwingine ameshika chungu, wengine wanatoa maagizo. Wakaleta mafuta yaliyokaangiwa samaki, yakapita shingoni yakaingia ndani, na sasa mkono ukawa umekwama na unanuka. Hakuna lililosogea.

Ndipo Okelo akasimama. Akakunja mikono ya shati. "Mnipishe," akasema. "Mimi kwa kuku nimetoa mayai mengi iliyokwama."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi, ningekataaje? Akapiga goti mbele yangu, akashika chungu kwa mikono yote miwili, akasema kwa sauti ya upole, ile sauti ambayo bila shaka huitumia na kuku, "Tulia. Usikaze. Vuta pumzi. Sasa sukuma."

"Nisukume nini?"

"Pole. Nimezoea."

Akina mama wakalala chini. Sisemi kwa mfano, wawili walilala chini.

Alijaribu kwa moyo wote, lazima niseme ukweli, jasho likamtoka. Mwisho akakaa chini akatikisa kichwa. "Hii ikate tu."

"Hakikatwi!" nikasema. "Ndicho peke yake! Mkikikata nitawaonyesha nini?"

Mzee Ogutu akaja akasimama mbele yangu. Sasa hakuwa anacheka. Vidole vyangu vilikuwa ndani na sikuvisikia, na nilianza kuogopa kweli. Akasema, "Mama, chagua. Mkono au chungu."

Nyinyi mnadhani nilijibu mara moja. Wapi! Nilikitazama kile chungu, na mstari wake mweupe, na shingo ile iliyonyooka, nikawaza cherehani yangu iliyoko kwa mtu mwingine, nikawaza magunia. Machozi yakanitoka, nayo hayakuwa ya maumivu. Nikasema, "Kateni."

Mama Risper akaleta kisu cha kupasulia samaki. Kisu kile kimepasua mbuta wakubwa, kina makali hata ukikitazama. Akapitisha ncha chini ya ukingo wa shingo, karibu na ngozi yangu, akavuta juu. Kikagoma. Akavuta tena. Kikakwaruza tu nje kikaacha alama. Akabadilisha mkono, akaanza kukata kwenda na kurudi kama msumeno, mama mwingine akashikilia upande wa pili.

"Yawa," akasema akihema. "Na hakuna uzi hapa?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata mmoja. Ni sabuni na maji moto."

Akina mama wakaacha kucheka. Wakasogea. Mmoja akaomba kisu ajaribu, akashindwa akampa mwenzake. Walipokezana kunikata, Mungu wangu, kama wanaonja chumvi, kila mtu anataka kuona mwenyewe kwamba inagoma. Shingo ilipoachia mwishowe, mkono ulitoka mwekundu, umekunjamana, umejaa mafuta ya samaki, nao wakaupita bila kuutazama wakakimbilia chungu. Wakawa wanavuta ule mpasuko kwa nguvu zao waone kama utaendelea kuchanika. Haukuchanika.

Mama mmoja akamgeukia Okelo. "Wewe si ulisema inaachana?"

Okelo akawa anakula ugali.

Waliamua hapo hapo, mimi nikiwa nimetumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji baridi. Mzee Ogutu akasimama. Akasema wiki ya mwezi mkubwa ujao ni ya sufi, na kuku watapata mwezi utakaofuata. Nikashindwa kupiga makofi, nikapiga ndoo. Mama Risper akanikumbatia, na karibu wote wakasema watakuja.

"Lakini kuna sharti," akasema Mzee Ogutu, na akina mama wakaitikia kabla hajamaliza, maana walikuwa wameshakubaliana. "Siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, mwalimu atafundisha mtu akishikwa namna hiyo anatoka vipi bila kisu."

Nami, mdomo wangu huu, nikajibu kwa sauti kubwa, "Hiyo ni rahisi, mzee!"

Si rahisi. Sijui inafanywaje. Anayejua aniandikie kabla mwezi haujajaa, na kama ni lazima ucheke, tafadhali nijibu kwanza.